Saa Tano na Nusu



Kijana mwenzangu, leo sikuletei mada niliyoipanga vizuri. Nina neno moja tu lililosemwa kwenye matanga ya bibi yangu, na tangu siku hiyo halijanitoka. Ilikuwa Jumapili ya Matawi, tarehe 24 Machi 2024, Horohoro. Bibi tulikuwa tumemzika jana yake. Tumekaa kwenye mkeka chini ya mwembe, wanaume upande huu, akina mama upande wa jikoni, jua kali, na majirani zetu Waislamu wamefunga lakini wamekuja hivyo hivyo. Mjomba mmoja akasema: "Siku hizi hakuna mbali. Muscat ni saa tano na nusu tu za ndege. Mtu akitaka kuja, anakuja." Alikuwa anamsema dada yangu, mjukuu wa kwanza wa bibi, ambaye hakufika. Watu wakaitikia kwa vichwa. Na mimi nikaitikia.

Nataka tuzungumze juu ya kichwa changu hicho kilichoitikia.

Kwa ambao hamjafika, Horohoro ni mpakani. Ng'ambo ni Lunga Lunga, Kenya. Ni malori, wabadilisha fedha, bodaboda, mama ntilie, na foleni ya watu wanaosubiri kugongewa mihuri. Kutoka Tanga mjini ni kilomita 65. Zamani kabla ya lami, masika yakikolea gari liliweza kulala njiani. Leo kosta inakwenda kwa saa moja na nusu, tena ikisimama kila penye mtu na gunia lake. Kilomita ni zile zile 65. Wenyeji wengi ni Wadigo na ni Waislamu, sisi Wakatoliki ni wachache. Babu alishuka kutoka Lushoto kufuata kazi ya mkonge, akafia huku, na bibi akabaki huku.

Usiku ule watu walipolala nilichukua simu nikatafuta, maana mimi ni mtu wa kuhakikisha. Mjomba hakukosea. Dar es Salaam mpaka Muscat, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 4,000. Ndege kubwa ya abiria ikishatulia juu huenda karibu kilomita 900 kwa saa. Ukiongeza muda wa kupaa, wa kushuka, na upepo unaosaidia au kukwamisha, unapata hizo saa tano na kitu. Halafu nikagundua jambo jingine ambalo sikuwahi kulifikiria. Basi kutoka Horohoro kwenda kuikamata hiyo ndege Dar ni zaidi ya kilomita 400 za barabara, na safari hiyo ni ndefu kwa saa kuliko ndege yenyewe! Yaani mtu wa kwetu anachoka zaidi kufika uwanja wa ndege kuliko kuvuka bahari nzima hadi Uarabuni.

Bibi angecheka. Yeye alikuwa anahesabu Uarabuni kwa upepo, kama wazee wote wa pwani. Jahazi linakuja na kaskazi, linarudi na kusi. Kaskazi likishaisha hujachelewa tu, umekwisha. Unasubiri miezi mpaka upepo ugeuke, uwe tajiri au maskini, uwe na msiba au harusi. Wakati ule aliyekuwa Muscat alikuwa mbali kweli, na hakuna aliyemlaumu. Nadhani ndege ndiyo iliyoleta lawama. Upepo ulikuwa unamwachia kila mtu udhuru wake. Ratiba ya ndege haimwachii.

Lakini hizo saa tano na nusu zinaanza kuhesabiwa lini? Zinaanza mlango wa ndege unapofungwa. Kabla ya mlango kufungwa hakuna anayehesabu. Dada aliondoka Desemba 2022 kwenda kufanya kazi za ndani kwa mkataba wa miaka miwili. Tiketi ya kurudi ni ya bosi, inatolewa mkataba ukiisha. Pasipoti inakaa kwenye kabati la bosi. Akitaka kuja katikati ajilipie mwenyewe, na nauli ya kuja na kurudi ilikuwa inazidi mishahara yake ya miezi miwili. Halafu ruhusa. Bibi alifariki Alhamisi jioni, kwenye kumi la kwanza la Ramadhani, na Ramadhani kwenye nyumba ile ndiyo mwezi wa kazi kuliko miezi yote, kupika futari mchana kutwa na kuosha vyombo mpaka daku. Aliomba ruhusa usiku ule ule. Akaambiwa pole, na akaambiwa asubiri Idi ipite.

Kwa hiyo saa tano na nusu ni umbali wa mtu mwenye pasipoti mkononi, nauli mfukoni na ruhusa ya kuondoka. Kwa dada, Muscat ilikuwa miezi tisa kutoka Horohoro, kwa sababu ndiyo iliyokuwa imebaki kwenye mkataba. Haya yote niliyajua pale kwenye mkeka. Ningeweza kufungua mdomo nikamtetea. Badala yake nikaitikia kwa kichwa, na sababu yake ndiyo inanipa shida kuandika.

Sababu ni kwamba watu walipokuwa wanamhesabia dada saa zake, hakuna aliyenihesabia mimi za kwangu.

Mimi naishi Tanga mjini. Nauza na kuandika hesabu kwenye duka la vipuri vya pikipiki. Bibi alianguka bafuni Oktoba 2023, akaumia nyonga, na tangu siku hiyo hakusimama tena peke yake. Alikaa hivyo miezi mitano. Katika miezi hiyo mitano nilikwenda Horohoro mara mbili. Mara mbili! Kilomita 65, kosta, saa moja na nusu. Jumamosi nilikuwa kazini mpaka mchana, halafu mazoezi ya kwaya. Jumapili Misa, kikao cha vijana, halafu mpira. Nilikuwa nampigia simu, siyo kwamba nilimsahau. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, unakuja lini?" "Wiki ijayo bibi, Mungu akipenda." Nikikumbuka jinsi nilivyolitumia jina la Mungu kufunga ile sentensi, naona aibu.

Desemba mwaka huo yakatokea maporomoko ya tope kule Hanang', Manyara, na watu wakafa. Vijana wa parokia tukachangishana, na mimi nilikuwa mstari wa mbele, naandika majina, nahimiza kwenye kundi la simu, nasema hawa ni ndugu zetu ingawa hatuwajui. Kilikuwa kitu chema na sijutii hata shilingi moja. Ila niliyekuwa nahimiza upendo kwa watu wa mbali kiasi kile nilikuwa na mgonjwa wa damu yangu mwisho wa njia ya kosta.

Sasa hapa ndipo kuna swali lenyewe: umbali unapunguza wajibu, au haupunguzi?

Mwanafalsafa mmoja wa Australia, Peter Singer, aliandika mwaka 1972 kwamba haupunguzi. Siyo Mkristo, na mengi aliyoandika baadaye hatukubaliani naye, lakini hoja hii ina nguvu. Alikuwa anafikiria wakimbizi wa Bengali ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh. Anasema ukipita kwenye bwawa ukaona mtoto anazama, utaingia majini hata kama nguo zitaharibika. Basi kama mtoto mwingine anakufa mbali na wewe unaweza kumwokoa, ule umbali peke yake si sababu ya kumwacha. Nimejaribu kuipinga hoja hii nimeshindwa. Mungu hakumpa mtoto wa Hanang' roho ndogo kuliko mtoto wa Tanga.

Mtakatifu Augustino alilishika swali hilo hilo karne nyingi kabla, kwenye kitabu chake cha kwanza juu ya mafundisho ya Kikristo, na ananisaidia zaidi. Anakubali kwamba watu wote wapendwe sawa. Lakini huwezi kumhudumia kila mtu, una mikono miwili. Anatoa mfano: una kitu cha kumpa mtu mmoja, na mbele yako wako wawili wenye shida sawa. Ungefanyaje? Ungepiga kura. Basi, anasema, wale ambao mahali, wakati na mambo ya maisha vimewaleta karibu na wewe, wahesabu kama kura iliyokuangukia.

Napenda neno hilo la kura. Mara nyingi tunafikiri aliye karibu anapewa kwanza kwa sababu ni wetu, ni bora, tunampenda zaidi. Augustino hasemi hivyo. Bibi hakuwa na thamani kuliko mama yeyote wa Hanang'. Ni kura tu. Wajukuu wake tuko saba: mmoja Muscat, wawili Dar, mmoja Mwanza, wawili bado wanasoma bweni, na mmoja Tanga mjini kilomita 65. Kura iliniangukia mimi, na mimi nikaikunja nikaitia mfukoni.

Nilikuwa na kisingizio cha kitakatifu pia, na hiki nakiandika kwa ajili ya wale wanaofanana nami. Nilikuwa nasema moyoni: namwombea. Si Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu ni msimamizi wa misioni na hakwenda misioni hata siku moja? Ni kweli kabisa. Aliingia Karmeli ya Lisieux mwaka 1888 akiwa na miaka 15, akafia mle ndani akiwa na miaka 24, na mwaka 1927 Papa Pio XI akamtangaza msimamizi wa misioni. Nilijifunza hiyo kwenye semina na nikaipenda sana, maana ni rahisi: unakaa ulipo, unasali, unafika dunia nzima bila nauli.

Ila semina iliniachia kipande kimoja nje, nikakikuta baadaye nikisoma maisha yake. Mle ndani kulikuwa na sista mzee, mgonjwa, asiyeridhika na chochote. Kila jioni alipaswa kutolewa kanisani kupelekwa chumba cha kulia, na hakuna aliyependa kazi hiyo, kwa sababu ukienda haraka analalamika na ukienda polepole analalamika pia. Teresa akajitolea. Akamshika kwa nyuma, hatua kwa hatua, kila jioni, akamfikisha, akamkunjia mikono ya nguo, na alipogundua kwamba anapata shida kukata mkate akawa anamkatia pia. Hiyo ndiyo safari ya msimamizi wa misioni. Sijui ilikuwa mita ngapi. Bibi yangu naye alihitaji kushikwa kwa nyuma, hatua kwa hatua, kwenda chooni. Mita kumi na mbili. Nilikuja kuzipima kwa hatua baada ya mazishi.

Na msimamizi mwenzake Teresa ni mtu ambaye alisafiri mpaka akaisha. Mtakatifu Fransisko Ksaveri aliondoka Lisbon Aprili 1541, akafika Goa, India, Mei 1542. Miezi kumi na tatu, safari ambayo ndege leo inaimaliza kwa muda usiofika siku moja. Njiani meli yao ilitia nanga Malindi, pwani hii hii yetu, kaskazini ya Mombasa, kwa hiyo msidhani nawaletea habari za ulimwengu mwingine. Kule Mashariki alikuwa akipata barua za wenzake kwa nadra sana, na aliandika kwamba alikata majina yao waliyoyasaini kwa mikono yao wenyewe, akayavaa kifuani. Alifariki tarehe 3 Desemba 1552 kisiwani karibu na China. Na Juni 1553 Mtakatifu Inyasi, akiwa Roma, alimwandikia barua akimwagiza arudi Ulaya. Rafiki yake alikuwa amekufa nusu mwaka nzima, naye hajui.

Sisi tunajua kwa dakika. Bibi alifariki saa kumi na mbili jioni, dada alijua kabla jua halijazama vizuri. Kule wako mbele yetu saa moja, kwa hiyo kwake ilikuwa tayari usiku. Inyasi hakuwa na namna ya kujua na akaandika kwa upendo. Mimi nilikuwa na namna ya kujua kila siku, kwa vocha ya shilingi mia tano.

Kwaresima ile ilinisomea yote mapema, siwezi kusema sikuambiwa. Alhamisi ya wiki ya pili, iliyoangukia tarehe 29 Februari, Injili ilikuwa ya tajiri na Lazaro. Mnaijua. Lazaro analala mlangoni, tajiri anakula. Wakifa, kati yao kuna shimo kubwa ambalo hakuna awezaye kulivuka. Padre wetu alieleza juu ya matumizi ya fedha, na alieleza vizuri. Mimi nilibaki na jambo moja tu: duniani kati ya wale wawili hakukuwa na shimo. Kulikuwa na mlango. Tajiri alihitaji hatua tano au sita na hakuzipiga, na shimo lile refu lilichimbwa pale pale, siku kwa siku, kwa hatua ambazo hazikupigwa. Nilitoka kanisani nikiwa nimeguswa. Nikaenda kazini. Jumamosi yake nikaenda kwenye mazoezi ya kwaya.

Jumatatu ya wiki ya nne, tarehe 11 Machi, ikaja ile ya afisa wa Kapernaumu. Mwanawe anaumwa Kapernaumu, Yesu yuko Kana, na Yesu anamponya kutoka huko huko bila kwenda. Baba akiwa njiani anarudi anakutana na watumishi, anawauliza mtoto alipata nafuu saa ngapi, wanamwambia jana saa saba. (Hapa sisi tumebarikiwa, maana saa za Injili ni saa zetu za Kiswahili. Saa saba yao ni saa saba yetu, mchana.) Nilifurahi sana siku hiyo. Nikasema, ona, Bwana haoni umbali, neno lake linafika saa ile ile. Nikampigia bibi nikamsimulia. Akasema, "Amina." Halafu akasema, "Na yule baba alikwenda kwa miguu?"

Nikacheka, nikasema ndiyo bibi, zamani hakukuwa na magari.

Siku kumi baadaye alifariki. Nimechelewa kuelewa kwamba bibi, ambaye hakupita hata darasa la nne, ndiye aliyeisoma Injili ile siku hiyo. Bwana aliponya kwa mbali, ndiyo. Lakini kuna mtu alitembea. Baba yule alipandisha vilima kutoka ziwani mpaka Kana kwa miguu yake.

Katika zile mara mbili nilizokwenda, mara moja tulimtoa bibi nje, tukamlaza mkekani chini ya ule mwembe. Ndege ikapita juu sana, nyeupe, inaacha mstari. Bibi akauliza, "Huyo siyo dada yako?" Alikuwa akiuliza hivyo kila ndege ikipita, niliambiwa. Nikajifanya mwalimu. Nikamwambia bibi, ndege zile huruka juu kilomita kumi, kumi na moja, kwa hiyo watu wale unaowaona hapo wako karibu nasi kuliko watu wa Tanga mjini. Akaitazama mpaka ikapotea. Akasema, "Basi mbona hawashuki?"

Mtu aliyemhudumia bibi miezi ile ni mama jirani, Mdigo, mjane, nyumba yake na yetu ni uzio mmoja wa makuti. Yeye ndiye aliyemgeuza, aliyemwogesha, aliyempikia uji. Katekista alipokuja na Komunyo Jumapili, yeye ndiye aliyekuwa ametandika meza kitambaa cheupe, kisha anatoka anakaa nje mpaka waishe. Ramadhani ilipoanza alikuwa akimpikia bibi uji mchana naye amefunga, anaonja kwa ncha ya ulimi na kutema ili ajue sukari, maana dini yao inaruhusu hivyo kwa anayepika, alinieleza. Mfano wa Msamaria mwema tumeusikia mpaka tumeuzoea. Kuhani na Mlawi hawakuwa mbali na yule majeruhi. Walimwona. Walipita upande wa pili wa njia ile ile. Mimi nimebatizwa, nina kipaimara, nina cheo kwenye kikao cha vijana, na nilikuwa upande wa pili wa njia.

Nilikwenda kuungama kabla ya Pasaka. Sitaandika yaliyosemwa, ila malipizi yalikuwa jambo la kufanya na siyo sala za kusali, na lilinihitaji nipande kosta.

Dada alirudi Desemba 2024, mkataba ulipoisha. Nilikwenda kumpokea Dar. Akatoka na begi moja kubwa na blanketi za zawadi, amekonda, anaongea Kiswahili kilichoingiwa na maneno ya Kiarabu bila yeye kujua. Kwenye basi la kurudi Tanga hatukuzungumza habari ya bibi. Nilikuwa naogopa aniulize. Tulipita Segera, tukapita Muheza, akalala begani kwangu.

Kesho yake tukaenda kaburini, mimi, dada na mama jirani. Tukasali. Dada akapanda ua, akamwagia maji kwa kopo. Ndipo nikamwambia yale maneno ya mjomba, na kwamba mimi niliitikia. Nilitaka nitue mzigo, kusema kweli. Nilitaka anisamehe haraka haraka tuondoke. Hakukasirika. Akasema, "Mimi nilikuwa namwona kila siku. Mama huyu alikuwa ananipigia kwa video nikimaliza vyombo, ananiwekea simu kwenye mto wa bibi. Nimemwona akipungua kidogo kidogo. Wewe kwenye hiyo simu nilikuona mara mbili."

Sikuwa na la kusema.

Nikamuuliza, sijui kwa nini nilimuuliza, labda nilitaka kujua kama nami ningeweza kuhesabiwa zile simu zangu. Nikasema, "Kwa hiyo ulikuwa karibu naye, hata ukiwa kule?"

Akafikiri. "Hapana," akasema. "Alikuwa ananiona, anafurahi. Mimi nalia, nafurahi. Nilikuwa nasali rozari naye, anaitikia. Lakini simu haigeuzi mgonjwa. Mgongo wake ulitoka vidonda mwezi wa pili, na mimi niliviona kwenye simu, na sikuweza kufanya kitu. Unajua kuona kidonda cha mtu unayempenda na mkono wako hauna pa kugusa?" Akamwonyesha mama jirani kwa kidevu. "Nilikuwa natuma hela ya dawa na pampasi kwa huyu. Mkono wangu ulikuwa ni huyu. Ungeweza kuwa wewe."

Mama jirani akasema, "Yaishe hayo, mwanangu. Maiti hasemwi."

Nimeyafikiria maneno ya dada kwa muda mrefu kuliko hoja ya yule mwanafalsafa. Nadhani sote wawili tulikuwa na wajibu kwa bibi ulio sawa kwa uzito. Ila hatukudaiwa kitu kimoja. Aliye mbali alidaiwa macho, machozi, hela, sala, na alilipa vyote, mpaka senti. Aliye karibu alidaiwa mikono, kwa sababu mikono haipandi kwenye mtandao na haitumwi kwa simu. Mimi nilikuwa nalipa deni langu kwa sarafu ya dada. Nilituma hela, nilipiga simu, niliomba. Vyote vizuri, vyote vya mtu aliye Muscat. Ningekuwa Muscat ningesifiwa.

Baadhi yenu mnaosoma hapa mko mbali kweli. Najua wako wasomaji Muscat, Dubai, Doha, wengine Ulaya na Marekani, na kila msiba unapotokea nyumbani kuna mjomba chini ya mwembe anayewahesabia saa za ndege. Sina cha kuwaambia isipokuwa kwamba mimi nilikuwa miongoni mwa walioitikia, na tuliwakosea. Wengine mko Tanga, au Korogwe, au Mombasa, na bibi yupo Horohoro yake, popote Horohoro hiyo ilipo.

Dada ameondoka tena, safari hii kwa mkataba wenye likizo, na pasipoti amekataa kuitoa mkononi mwake. Alipoingia ndani ya uwanja aliniambia neno moja tu, kwamba mama jirani macho yake yanamsumbua, mtoto wa jicho, na hana mjukuu karibu.

Kwa hiyo nakwenda. Siyo kila Jumamosi, nisidanganye. Ninamchotea maji, namsomea karatasi za kliniki, namsindikiza hospitali ya Bombo siku ya miadi. Kwaya nimewaambia nitachelewa. Jumamosi iliyopita kosta ya saa mbili ilikuwa imejaa mpaka mlangoni, kondakta ananiita nining'inie, nikakataa, nikapanda ya saa tatu. Nilipofika alikuwa amekaa barazani kwake ananisubiri, akaniuliza kwa sauti ya ukali kama bibi mwenyewe, "Mbona leo umechelewa?"